Tuupime Sosiani Kabla Watoto Hawajaingia

Ndugu zangu wa Eldoret, ombi langu ni moja, nami nitalisema mapema. Naomba maji ya Mto Sosiani yapimwe bakteria kila juma, pale pale watoto wanapoogelea, na majibu yabandikwe kando ya maji kwa Kiswahili anachoweza kukisoma mtoto wa gredi ya nne. Siombi mto usafishwe kwanza ndipo tupime. Kuusafisha ni kazi ya miaka na ya fedha nyingi, na ni lazima ifanyike. Lakini mtoto atakayevua shati Jumamosi hii hana miaka ya kungoja. Anahitaji mtu mzima aliyekwisha kuyapima maji hayo, amwambie ukweli.

Mto wetu tunaujua. Unatoka kwenye misitu ya nyanda za juu upande wa Kaptagat, na maji ya matawi yake ya juu hukusanywa kwenye bwawa la Two Rivers, linalotupatia sehemu ya maji ya bomba. Kisha unaingia mjini. Unapita chini ya madaraja yetu tukiwa kwenye matatu tunawaza nauli, unateremka kuelekea Huruma na mitaa ya magharibi, halafu unashika njia ya Turbo. Huko mbele unaungana na Mto Kipkaren, nao Kipkaren unaingia Nzoia, na Nzoia inamwaga maji yake Ziwa Victoria kule Budalang'i. Tunachokitupa sisi asubuhi ni mzigo wa jirani kabla ya jioni.

Wanaoyagusa maji haya ni wengi kuliko tunavyokiri. Wamo wavulana wanaorukia vidimbwi siku za likizo. Wamo wanaofua nguo na kuzianika kwenye majani ya ukingoni, waosha magari wanaosimama ndani ya maji tangu asubuhi, na wakulima wanaochota kwa ndoo kumwagilia sukuma wiki tunayoinunua sokoni. Yamo makanisa yanayobatiza kwa kuzamisha. Na wamo watoto wa mitaani, ambao mto huu ndio bafu lao, ndio dobi wao, na siku nyingine ndio bomba lao la kunywa. Mombasa wana bahari na Kisumu wana ziwa. Ufuo wetu sisi ni Sosiani, na mtu anayeogelea mtoni humeza maji kama anavyomeza anayeogelea baharini.

Humeza kiasi gani? Utafiti mmoja wa Marekani uliochapishwa mwaka 2006 uliwafuatilia watu waliokuwa wakiogelea kwa dakika 45. Ilionekana kwamba mtoto humeza wastani wa mililita 37, na mtu mzima mililita 16. Mililita 37 ni zaidi ya vijiko saba vya chai. Hiyo ilikuwa kwenye bwawa la kuogelea lenye maji yaliyotiwa dawa. Sasa chukua mtoto wa Huruma anayepiga mbizi, anayecheka mdomo wazi, anayerushiana maji na wenzake hadi jua linapozama. Vijiko saba si vingi ikiwa maji ni safi. Kama kilomita moja juu kuna bomba la majitaka lililopasuka, vijiko saba vinatosha kumlaza.

Wengi wetu huyapima maji kwa macho. Yakiwa ya kahawia twasema machafu, yakiwa maangavu twasema salama. Lakini rangi ya kahawia ya mto wakati wa mvua ni udongo wa mashamba, na udongo peke yake haumwumizi mtu tumbo. Maji maangavu ya Januari, mto ukiwa umepungua, yanaweza kuwa yamebeba uchafu wa binadamu uliokolea sana, kwa sababu kinachovuja kutoka vyooni ni kile kile ilhali maji ya kukipunguza nguvu ni machache. Pua nayo haitusaidii sana. Maji yanaweza kuwa hayanuki na bado yakawa na vijidudu vya kuhara damu.

Kwa hiyo wapimaji wa maji duniani kote humtafuta bakteria mmoja aitwaye Escherichia coli, au kwa kifupi E. coli. Aliyemweleza kwa mara ya kwanza ni daktari Mjerumani, Theodor Escherich, mwaka 1885, baada ya kumkuta kwenye kinyesi cha watoto wachanga. Bakteria huyu huishi ndani ya utumbo wa binadamu na wa wanyama wenye damu moto, na aina zake nyingi hazina madhara. Anatafutwa kwa kuwa yeye ni kama moshi: ukiuona, jua moto uko karibu. Palipo na E. coli wengi pamepita kinyesi, na kinyesi ndicho kinachobeba homa ya matumbo, kipindupindu, kuhara damu, virusi vya rota na vimelea vya giardia. Kuvitafuta vyote hivyo kimoja kimoja kila juma kungemaliza bajeti ya maabara yoyote. Kumhesabu huyu mmoja kunawezekana.

Na uchafu kidogo huenda mbali. Gramu moja ya kinyesi cha binadamu huwa na E. coli wapatao milioni 10, na mara nyingi zaidi. Wakala wa mazingira wa Marekani ulipendekeza mwaka 2012 kwamba maji ya kuogelea yasizidi wastani wa E. coli 126 katika kila mililita 100. Piga hesabu: gramu moja tu inahitaji karibu lita 8,000 za maji safi kabisa ili ishuke hadi kiwango hicho. Hayo ni maji yanayokaribia kujaza lori la maji la lita 10,000, kwa ajili ya gramu moja. Fikirieni choo kimoja kilichochimbwa hatua chache kutoka ukingoni kinapofurika.

Jambo linalonisumbua zaidi kuhusu Eldoret ni kalenda yetu. Huku kwetu mvua huwa nzito Aprili na Mei, kisha tena Julai na Agosti. Shule nazo hufungwa Aprili na Agosti. Maana yake ni kwamba watoto wetu wanapata nafasi ya kuogelea katika miezi ile ile ambayo mto unabeba mengi zaidi. Mvua ya kwanza baada ya ukavu husomba kila kilicholala juu ya ardhi: mitaro, majalala, mabanda ya mifugo, vyoo vilivyojaa. Maji yanapanda, kidimbwi kinakuwa na kina cha kufurahisha, na mtoto aliyefungiwa darasani wiki kumi na kitu anakimbilia huko. Wataalamu wa fukwe hushauri watu wasiingie majini kwa siku mbili au tatu baada ya mvua kubwa. Mzazi yeyote anaweza kulishika shauri hilo leo, hata kabla hatujapata chupa ya kwanza ya sampuli, na naomba lisemwe kwenye mikutano ya wazazi kabla ya kila likizo. Lakini kwetu mvua inaweza kunyesha kila alasiri kwa wiki nzima. Ukisema "ngojeni siku tatu" mwezi wa Agosti, umesema "msiogelee likizo nzima," na watoto hawatasikia. Ndiyo maana tunahitaji namba. Huenda pakawa na mahali, juu zaidi ya mji, ambapo maji hubaki mazuri hata mvua ikinyesha, na watoto wakaelekezwa huko. Huenda pia kidimbwi tunachokiamini ndicho kibaya kuliko vyote. Bila kupima, tunakisia juu ya miili ya watoto.

Miaka miwili mitatu iliyopita dunia nzima iliona maana ya kupima. Julai 2024, kwenye Olimpiki ya Paris, mashindano ya triathloni ya wanaume yalipangwa kufanyika tarehe 30 ndani ya Mto Seine. Mvua zilikuwa zimenyesha usiku wa sherehe ya ufunguzi, E. coli wakapanda, na mbio zikaahirishwa hadi kesho yake. Wanamichezo bora duniani, walioandaliwa kwa miaka, waliambiwa wasubiri kwa sababu ya kilichohesabiwa kwenye kisahani cha maabara. Siku chache baadaye, katika michezo hiyo hiyo, Beatrice Chebet, Faith Kipyegon na Emmanuel Wanyonyi walituletea dhahabu na sisi tukashangilia hadi sauti zikakauka. Kuogelea katika Seine kulikuwa kumepigwa marufuku tangu 1923. Julai 2025 sehemu tatu za mto huo zilifunguliwa kwa wananchi wa kawaida, na kila siku bendera huwekwa kuonyesha kama maji yanafaa. Paris ilitumia mabilioni kwenye mabomba na matangi ya chini ya ardhi, na sisi hatuna mabilioni hayo. Bendera je? Bendera tunaweza kuishona hapa Eldoret.

Na michezo hiyo ya Olimpiki ilikuwa imemalizika siku nne tu kabla ya Eldoret kukabidhiwa hati ya kuwa jiji, tarehe 15 Agosti 2024. Tulicheza, tukaimba, tukajiita jiji la mabingwa. Nililipenda jina hilo na bado nalipenda. Basi jiji la mabingwa lianze kuwalinda mabingwa walio na umri wa miaka minane, wanaojifunza nguvu za miguu yao ndani ya mto.

Upimaji wenyewe hauna siri. Anayechukua sampuli huvaa glavu, hushika chupa safi iliyouawa vijidudu maabara, na huikabili mikondo ya maji, yaani uso wake unaelekea kule mto unakotoka, ili matope anayoyakoroga kwa miguu yasiingie. Kama mkondo ni mkali, chupa hufungwa kwenye fimbo ndefu naye akabaki ukingoni, maana hakuna sampuli yenye thamani ya maisha ya mtu. Chupa huzamishwa kama sentimita 30 chini ya uso wa maji, haisuuzwi kwanza kwa maji ya mto, na huachwa nafasi kidogo juu. Kwenye lebo huandikwa mahali, tarehe, saa, na kama mvua imenyesha siku hiyo au jana yake. Kisha chupa huwekwa kwenye kisanduku chenye barafu, gizani, na kufikishwa maabara ndani ya saa sita. Miji mingine saa sita ni tatizo. Kwetu, kutoka Huruma hadi maabara yoyote ya mjini, bodaboda anafika kabla barafu haijaanza kuyeyuka.

Saa ya kuchukua ni muhimu kuliko inavyoonekana. Jua huua bakteria walio karibu na uso wa maji, kwa hiyo sampuli ya saa tisa alasiri inaweza kuufanya mto uonekane bora kuliko ulivyokuwa alfajiri. Tuchague saa moja na tuishike kila juma. Ningependekeza Alhamisi asubuhi, kwa sababu ya jinsi maabara inavyofanya kazi. Maji hupitishwa kwenye chujio lenye matundu madogo mno, ya mikromita 0.45, bakteria wakabaki juu yake. Chujio hulazwa kwenye kisahani chenye chakula chao, na kisahani huwekwa ndani ya kabati la joto la nyuzi 44 kwa saa 18 hadi 24. Kila bakteria aliyekuwa hai huzaana na kuwa doa linaloonekana kwa macho, na mtaalamu huyahesabu madoa. Sampuli ya Alhamisi huhesabiwa Ijumaa, na Ijumaa jioni ubao wa kando ya mto umeandikwa, tayari kwa Jumamosi. Sampuli ya Jumatatu ingeleta jibu Jumanne, watoto wakiwa shuleni, na kufikia Jumamosi ingekuwa habari ya kale.

Kuna vipimo vya bei nafuu ambavyo vikundi vingine vimevizoea, kama chupa yenye karatasi ya kemikali inayogeuza maji meusi yakiwa na uchafu wa kinyesi. Ni vizuri kwa kisima, pale swali ni "upo au haupo." Kwa mto unaopita katikati ya mji havitufai, kwa sababu jibu litakuwa jeusi kila juma, na ubao unaosema "hatari" mwaka mzima hausomwi na mtu. Tunahitaji hesabu inayopanda na kushuka. Vilevile, vipimo vinavyotegemea joto la kawaida la chumba vilibuniwa kwa nchi za joto. Sisi tuko mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, na anayelala Eldoret bila blanketi mwezi wa Julai anajua kwamba bakteria kwenye rafu hawatakua kama wanavyokua Mombasa. Kabati la joto si anasa hapa.

Nani afanye? Watu wa kuifanya kazi hii tunao tayari, na ndiyo sababu naandika kwa matumaini. Kampuni ya maji ya ELDOWAS hupima maji ya bomba kama sehemu ya kazi yake ya kawaida. Maafisa wa afya ya umma wa Kaunti ya Uasin Gishu wanajua kuchukua sampuli. Chuo Kikuu cha Eldoret na Chuo Kikuu cha Moi vina wanafunzi wa mazingira, biolojia na afya ya umma wanaotafuta mada za tasnifu kila mwaka, na watafiti wake wameandika makala kuhusu mto huu mara nyingi. Makala hizo zimesomwa na wataalamu wenzao. Mfua nguo mmoja wa Huruma hajaziona, wala hakuna aliyemwandikia yeye. Mamlaka ya Rasilimali za Maji na ile ya mazingira, NEMA, zina wajibu wao kisheria, na Sheria ya Maji ya 2016 inavitambua vyama vya watumiaji wa maji, vile tunavyoviita WRUA, ambavyo vinaweza kuwa mwenyeji wa mpango mzima. Kinachokosekana ni meza moja ya kuwakalisha hawa wote, na mtu wa kuuliza kila Ijumaa: ubao umeandikwa?

Kuhusu kiwango, Kenya haiko gizani. Kanuni za ubora wa maji za 2006 ziliweka jedwali mahsusi la maji ya kujiburudishia. Umoja wa Ulaya, kwa mito na maziwa, huyaita maji bora kabisa pale ambapo karibu sampuli zote za misimu minne ziko chini ya E. coli 500 kwa mililita 100, na mazuri zikiwa chini ya 1,000. Shirika la Afya Duniani nalo lilitoa mwongozo mpya mwaka 2021, unaohimiza kupima pamoja na kukagua mahali uchafu unapoingilia. Maafisa wetu wa afya wakae wachague mipaka, kisha ubao uwe na rangi tatu tu: kijani, njano, nyekundu. Chini yake iandikwe namba yenyewe na tarehe, ili asiyeamini rangi asome hesabu.

Nimesikia mapingamizi mawili, na yote yanastahili jibu la heshima.

La kwanza ni kwamba kupima kutaaibisha mitaa ya watu maskini. Naielewa hofu hiyo. Wakazi wa Huruma na wa mtaa wa Kipkaren wamechoka kuelezwa kama chanzo cha kila uchafu. Lakini vipimo vikifanywa ipasavyo ndivyo vitakavyowatetea. Tukichukua sampuli Naiberi, juu ya mji, nyingine chini ya bwawa, nyingine mto unapoingia mjini, nyingine darajani katikati ya mji, kisha Huruma na mbele yake, tutaona mto unachafukia wapi hasa. Inawezekana sana kwamba sehemu ya mzigo inaingia kabla ya mtaa wowote wa mabati. Uasin Gishu ni nchi ya ng'ombe wa maziwa, na ng'ombe anayekunywa maji akiwa amesimama mtoni anaweza kuacha kinyesi humo humo. Vipo pia vijidudu vinavyotoka kwa ndama ambavyo vinamdhuru binadamu. Mwenye shamba kule juu, akiweka hori la kunyweshea mbali na ukingo na akauacha ule ukanda wa mto bila kuulima wala kuulishia, atakuwa ameshusha namba ya watoto asiowajua. Ukanda huo, kwa mujibu wa kanuni za maji, hauwezi kupungua mita 6 kila upande, na kwa mto mpana hufika mita 30. Na ikiwa namba inaruka ghafla kati ya daraja moja na jingine, hapo pana bomba, na bomba lina mwenyewe, naye anaweza kuitwa kwa jina la ofisi yake.

Pingamizi la pili hutoka kwa watu wa nia njema kabisa: wazuieni tu watoto wasiende mtoni. Ningependa iwe rahisi hivyo. Mtoto wa mwenye uwezo huenda hotelini akalipa, akaogelea kwenye maji yenye klorini (na mameneja wa hoteli, tafadhali, nanyi bandikeni vipimo vyenu vya klorini vya siku hiyo, msitungoje tuulize). Mtoto asiye na hela ana mto, au ana bwawa la shambani, au shimo la kuchimbia mawe lililojaa maji. Ukimfukuza mtoni ataenda kwenye shimo, na huko hakuna ukingo wa kushika. Kila mwaka kaunti hii huzika watoto waliozama. Kwa hiyo ubao ninaoupigania useme pia kina cha maji, na siku ya nyekundu useme ni wapi pengine pa kwenda. Ukataze huku ukielekeza.

Hapo ndipo ninapowafikia watoto wa mitaani, na nawaomba msome kwa upole. Ubao mwekundu hauna maana kwa mvulana anayeoga Sosiani kwa sababu hakuna mlango mwingine unaomfungukia. Tukimwambia maji yana kinyesi naye hana bafu, tumemwongezea huzuni tu. Jiji lenye vyoo vya kulipia kila kona linaweza kuwatengea watoto hawa saa mbili kwa siku za kuoga bure, kwa sabuni, mlango ukifungwa. Misikiti ina mabomba ya kutawadhia, makanisa yana nyua pana. Wachungaji, mapadre na maimamu, ninyi mnawafahamu watoto hawa kwa majina kuliko ofisi yoyote. Na kwa wachungaji mnaobatiza mtoni: ulizeni namba ya juma hilo kabla ya kupanga siku, mkapange ubatizo juu zaidi ya mji ikibidi, hasa kama miongoni mwa wanaozamishwa kuna mzee, mjamzito au mtu anayetumia dawa zinazopunguza kinga ya mwili.

Walimu wa sayansi, kwenu nina ombi mahsusi. Shule iliyo karibu na mto ichukue sehemu moja ya mto iwe yake. Watoto wasiingie majini kuchukua sampuli, hiyo ni kazi ya watu wazima. Lakini wanaweza kupima mvua kwa chupa iliyokatwa, kuandika rangi na kimo cha maji kila asubuhi, na kuchora mstari wa namba za maabara juu ya ukuta wa darasa. Mtoto aliyechora mwenyewe mstari ukipanda baada ya mvua atakwenda nyumbani kumwonya mdogo wake kwa uhakika ambao sisi hatuna. Wanahabari wa redio za hapa kwetu, dakika moja kila Ijumaa jioni, baada ya hali ya hewa, yatosha: Naiberi kijani, darajani njano, Huruma nyekundu. Waosha magari na mafundi wa kando ya mto, ninyi mko pale kila siku, na ubao ukivunjwa au kufutwa mtakuwa wa kwanza kujua. Nawaomba muwe walinzi wake.

Wawakilishi wadi, bajeti ya kaunti hupitia mikononi mwenu, na wananchi huitwa kutoa maoni kabla haijapitishwa. Safari hii tukija kwenye ukumbi, tutakuwa na kifungu kimoja tu: upimaji wa Sosiani kila juma na kutangaza matokeo. Tuje wengi. Tukae viti vya mbele.

Na kwa msomaji ambaye si mwalimu, si mchungaji wala mwenye cheo, iko kazi unayoweza kuifanya kesho. Katiba yetu, kifungu cha 35, inakupa haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na kifungu cha 42 kinakupa haki ya mazingira safi. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inakuruhusu kuandika maombi kwa Kiingereza au kwa Kiswahili, bila ada ya kuyawasilisha. Ofisi inapaswa kukujibu ndani ya siku 21, na ikiwa habari inahusu uhai wa mtu, ndani ya saa 48. Asiyejua kuandika ana haki ya kusaidiwa na afisa aliye pale. Chukua karatasi, uiandikie kaunti na taasisi zinazosimamia maji, na uombe mambo matatu: matokeo yote ya vipimo vya E. coli vya Mto Sosiani vilivyofanywa miezi 12 iliyopita, mahali kila sampuli ilipochukuliwa, na tarehe ya kipimo kinachofuata. Andika jina lako, mtaa wako na tarehe ya leo. Toa nakala, igongeshe muhuri wa kupokelewa, na nakala hiyo uende nayo kwenye baraza la chifu lijalo.